Impakti ya betri: jinsi ya kuichagua na kuitumia bila kuhatarisha gari wala abiria

Kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, kuanzia Salama na Sultan Hamud, kupitia Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei, kazi ya kubadilisha magurudumu haikomi mchana wala usiku. Malori ya mizigo, mabasi, matatu na magari ya kibinafsi yote hupitia mikononi mwa mafundi wa panchari na gereji za jua kali. Kwa miaka mingi kifaa chao kikuu kilikuwa wili spana na bomba la chuma la kuirefusha. Siku hizi wengi wao wana, au wanapanga kununua, mashine ya mkono ya kufungua na kufunga nati inayotumia betri, ambayo mafundi huiita impakti.

Kifaa hiki huokoa muda na mgongo wa fundi. Hata hivyo, pesa za kukinunua si kidogo kwa anayeanza, na kikitumiwa vibaya kinaweza kukata bolti, kupasua rimu au kuacha gurudumu likiwa legevu chini ya gari lililojaa abiria. Makala haya yanaeleza jinsi kinavyofanya kazi, mambo ya kuangalia dukani, na namna ya kukitumia kwa usalama. Mwenye gari naye atafaidika kujua mambo haya, kwa sababu ndiye anayeondoka na magurudumu hayo.

KINAVYOFANYA KAZI

Ndani ya impakti kuna mota, springi, kipande kizito cha chuma kinachofanya kazi kama nyundo, na fuawe inayopokea mapigo ya nyundo hiyo. Fuawe ndiyo inayotokeza nje kama ncha ya pembe nne ambako soketi huvikwa. Nati ikiwa nyepesi, vyote huzunguka pamoja kama drili ya kawaida. Nati ikikaza, nyundo hurudi nyuma kidogo, hujifyatua na kuigonga fuawe kwa upande wa mzunguko. Mapigo hayo hurudiwa maelfu ya mara kwa dakika, na ndiyo mlio wa kutatarika unaosikika gerejini.

Kwa kuwa nguvu hutoka kwenye mapigo mafupi, mkono wa fundi haupindwi kama ambavyo ungepindwa na drili yenye nguvu hiyohiyo. Kutu inayoshika nati nayo huvunjika upesi zaidi kwa kugongwagongwa kuliko kwa kuvutwa. Lakini hapo ndipo hatari ilipo pia: fundi hahisi mkononi ni nguvu kiasi gani imeingia kwenye bolti.

KWA NINI YA BETRI?

Impakti ya upepo imetumika gerejini kwa miaka mingi na bado ni kifaa kizuri. Shida yake ni kwamba inahitaji kompresa, mpira wa upepo, na umeme au jenereta. Stima zikipotea, kazi husimama mara tangi la upepo likiisha. Fundi anayeitwa kwenda kwa gari lililokwama kilomita 10 kutoka gerejini hawezi kubeba kompresa kwenye bodaboda.

Impakti ya betri huingia kwenye mkoba. Gharama ya kuichaji pia ni ndogo. Betri ya volti 18 yenye uwezo wa ampea-saa 4 huhifadhi wati-saa 72. Hata ukihesabu umeme unaopotea kwenye chaja, uniti moja ya stima inaweza kuichaji karibu mara 10. Gharama kubwa iko kwenye kununua kifaa chenyewe, na baadaye kwenye kununua betri nyingine ile ya kwanza ikichoka.

MAMBO SITA YA KUANGALIA DUKANI

1. Ukubwa wa ncha. Ncha ya nusu inchi ndiyo inayofaa magari madogo, pikapu na matatu. Ya robo tatu inchi na ya inchi moja ni za malori na mabasi makubwa. Ya inchi 3/8 ni nyepesi na hufaa kazi za injini na bodi, wala si ya magurudumu. Fundi anayehudumia zaidi probox na matatu hana haja ya kununua mashine ya inchi moja.

2. Nguvu ya kuzungusha. Hupimwa kwa nyutoni mita, kwa kifupi Nm. Nati za magurudumu za magari mengi madogo ya Toyota hutakiwa kukazwa kwa Nm 103. Hiyo ni takriban sawa na kuegemeza uzito wa kilo 30 kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 35. Nati za malori makubwa mara nyingi huhitaji Nm 600 au zaidi, ambayo ni kama kilo 60 kwenye mwisho wa bomba la mita moja.

Nati iliyoshika kutu, au iliyokazwa kupita kiasi na fundi aliyetangulia, huhitaji nguvu nyingi zaidi kufunguliwa kuliko iliyotakiwa kuifunga. Ndiyo maana mashine ya gari dogo yenye Nm 300 hadi 500 hutosheleza kazi nyingi, huku ikibaki na akiba kwa nati sugu. Mnunuzi pia ajue kwamba baadhi ya maboksi hutaja tarakimu mbili: nguvu ya kukaza na nguvu ya kufungua. Ya kufungua huwa kubwa zaidi, na ndiyo inayoandikwa kwa maandishi makubwa. Unapolinganisha mashine mbili, linganisha tarakimu za aina moja. Zikiwa zimeandikwa kwa futi-pauni, zidisha kwa 1.36 ili kupata Nm.

3. Volti. Betri nyingi za impakti zina seli tano zilizounganishwa kwa mfuatano. Kila seli ina wastani wa volti 3.6, kwa hivyo jumla ni 18. Zikiwa zimejaa kabisa hufika karibu volti 21. Kwa sababu hiyo, mashine zilizoandikwa volti 18, 20 na 21 huwa ni za kundi moja. Anayemwambia mnunuzi kwamba ya 21 ina nguvu kuliko ya 18 kwa sababu ya tarakimu hiyo pekee anamdanganya.

Kuna udanganyifu mkubwa zaidi. Sokoni kuna mashine za bei nafuu zilizoandikwa 88VF, 128VF au hata 288VF. Tarakimu hizo hazionyeshi volti za betri. Njia rahisi ya kujua ukweli ni kusoma maandishi madogo kwenye chaja, mahali palipoandikwa umeme unaotoka. Chaja ikisema inatoa volti 21, betri hiyo ni ya seli tano kama nyingine za volti 18, hata kama boksi linasema 288.

4. Ampea-saa. Hizi huonyesha kiasi cha umeme ambacho betri huhifadhi. Betri ya ampea-saa 2 ni nyepesi lakini huisha haraka na huchoka ikilazimishwa kufungua nati ngumu. Kwa kazi ya magurudumu, 4 au 5 zinafaa zaidi. Betri mbili ni bora kuliko moja, kwa sababu moja hufanya kazi nyingine ikiwa kwenye chaja. Ipime mkononi pia: mashine iliyoandikwa uwezo mkubwa lakini betri yake ni nyepesi kama ganda tupu inafaa kutiliwa shaka.

5. Aina ya mota. Mota za zamani zina vipande vya kaboni vinavyosugua na kuisha, na hubidi vibadilishwe. Mota zisizo na kaboni huwa na bei ya juu, lakini hutumia umeme wa betri vizuri zaidi, hazipati joto jingi na hudumu kuliko za kaboni. Kwa mtu anayefungua panchari moja kwa mwezi nyumbani kwake, ya kaboni inamtosha. Kwa fundi anayeitumia kutwa, tofauti ya bei hurudi.

6. Viwango vya nguvu na vipuri. Chagua mashine yenye gia mbili au tatu za nguvu, ili usitumie nguvu ileile kwa nati ya gari dogo na ya kanta. Baadhi huwa na uwezo wa kujizima zenyewe nati inapolegea, jambo linalozuia nati kurushwa mbali. Uliza pia kama betri na chaja za aina hiyo zinauzwa kivyake katika mji ulio karibu. Mashine nzuri isiyoweza kupata betri nyingine baada ya miaka miwili ni hasara.

Wanunuzi wanakumbushwa kudai risiti iliyo na jina la duka na aina ya mashine, kusoma masharti ya dhamana kabla ya kulipa, na kuangalia kama bidhaa hiyo kutoka nje ina stika ya ISM ya Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili kunufaika nazo. Bila risiti, ni vigumu kuidai haki hiyo.

SOKETI NAZO NI MUHIMU

Mafundi wengi hununua mashine nzuri kisha wakaivika soketi za kawaida zinazong'aa. Soketi hizo zimetengenezewa spana ya mkono. Chuma chake ni kigumu lakini hakivumilii kugongwa, na kinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni. Soketi za impakti huwa nyeusi, zina ukuta mnene, na chuma chake huvumilia mapigo.

Kwa magari yanayoonekana sana barabarani mwetu, soketi ya milimita 21 hufungua magurudumu ya Toyota na Nissan nyingi, ya 19 hufungua Subaru na Honda, na ya 17 hufungua Volkswagen na Mercedes nyingi. Kwa rimu za alumini, soketi yenye kifuniko cha plastiki nje huzuia mikwaruzo. Hakikisha soketi imeingia yote hadi mwisho kabla ya kubonyeza triga. Soketi iliyovikwa nusu huliza kona za nati, na hapo kazi ya dakika tano hugeuka ya saa mbili.

KUFUNGUA GURUDUMU

Kabla ya mashine kuwashwa, gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono iwe imevutwa, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe mawe au vizuizi. Kama ni kando ya barabara, gari liondoke kabisa kwenye lami na pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali vya kutosha kwa dereva anayekuja kasi kuziona na kupunguza mwendo.

Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Kisha inua kwa jeki, weka stendi imara chini ya sehemu inayobeba gari, ndipo umalizie kuzitoa. Jeki pekee si kitu cha kuaminiwa, kwa kuwa mtikisiko wa impakti unaweza kuitelezesha. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu, hata kwa dakika moja.

Nati ikikataa kwa sekunde chache, usiendelee kuigonga. Itie mafuta ya kulegeza kutu, isubiri, kisha ujaribu tena. Kuendelea kugonga huchemsha mota na betri na huweza kukata bolti.

KUFUNGA NDIKO KWENYE HATARI

Makosa mengi ya impakti hutokea wakati wa kufunga. Mashine yenye uwezo wa Nm 500 haijui kwamba nati hii inahitaji 103 tu. Fundi akishikilia triga kwa sekunde chache zaidi ili kuwa na uhakika, atakuwa amevuta bolti kupita uwezo wake. Bolti iliyovutwa haionyeshi dalili siku hiyo. Inaweza kukatika baadaye, gari likiwa kwenye mteremko au likikanyaga shimo. Kukaza kusiko sawa pia huweza kupinda diski ya breki, na dereva huanza kuhisi usukani ukitikisika anapofunga breki.

Kuna madhara mengine ambayo wenye magari wanayajua vizuri: gari hupata panchari usiku, spea ipo, jeki ipo, lakini nati zimekazwa na mashine kiasi kwamba wili spana ya gari haiwezi kuzitoa. Mtu aliyekwama hivyo hana la kufanya ila kungoja msaada gizani.

Utaratibu ulio salama ni huu:

• Safisha sehemu ambapo rimu hukutana na gari. Kutu na matope hulegeza gurudumu baada ya kilomita chache.
• Anza kila nati kwa vidole, angalau mizunguko mitatu. Nati ikikataa kuzunguka kwa vidole, imeingia upande. Itoe uanze upya.
• Usipake grisi wala oili kwenye bolti isipokuwa mtengenezaji wa gari ameagiza. Bolti yenye mafuta huvutika zaidi kwa nguvu ileile.
• Tumia nati za rimu husika. Nati zenye mdomo wa koni za rimu za chuma na zile zenye washa bapa za baadhi ya rimu za alumini hazibadilishani.
• Weka impakti kwenye gia ya chini kabisa, na uache triga mara mapigo yanapoanza.
• Fuata mpangilio wa nyota: ukikaza moja, ruka inayofuata na uende ng'ambo, ili gurudumu likae sawa.
• Shusha gari, kisha umalizie kwa toki renchi, yaani spana ya mkono inayopima nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.
• Mwambie mwenye gari arudi, au asimame, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Toki renchi si anasa. Gereji inayomudu impakti inapaswa kuhesabu bei ya toki renchi kama sehemu ya bei ya impakti. Mwenye gari naye ana haki ya kuuliza, "Umepima?" kabla ya kulipa na kuondoka.

TAHADHARI KWA MALORI

Malori ya Isuzu na Mitsubishi Fuso yenye mfumo wa zamani wa Kijapani yana jambo ambalo limewagharimu wengi. Bolti za magurudumu ya upande wa kushoto zimekatwa nyuzi kinyume. Ukitazama nati hizo ana kwa ana, hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea kulia, na mara nyingi mwisho wa bolti umepigwa herufi L. Mwenye kuzigonga kwa mashine akidhani anafungua, kumbe anakaza hadi bolti zikatike. Angalia herufi hiyo kwanza, na usiende kwa mazoea, kwa sababu malori ya mfumo mpya hufunguka upande mmoja kote.

Kwenye magurudumu pacha ya nyuma ya mfumo huo wa zamani kuna nati mbili: ya ndani inashika gurudumu la ndani, na ya nje inashika la nje. Kukaza ya nje pekee hakukazi ya ndani. Legeza ya nje, kaza ya ndani kwa kipimo chake, kisha urudishe ya nje.

KUTUNZA BETRI KATIKA JOTO LETU

Joto ni adui wa betri za lithiamu, na sehemu za chini za kaunti, hasa kuelekea Kibwezi na Mtito Andei, zina joto jingi. Usiache betri kwenye dashibodi au ndani ya gari lililofungwa juani. Baada ya kazi nzito, iache ipoe kivulini kabla ya kuiweka kwenye chaja. Watengenezaji wengi huagiza isichajiwe joto likipita nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi. Usisubiri iishe kabisa, na kama haitatumika kwa wiki kadhaa, ihifadhi ikiwa na chaji ya karibu nusu.

Tumia chaja iliyokuja nayo. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu isichajiwe tena. Isitupwe kwenye moto, jalalani wala chooni, kwani inaweza kuwaka au kuchafua udongo na maji. Itenge mahali pakavu mbali na vitu vinavyoshika moto, na umpelekee mkusanyaji wa taka za kielektroniki aliyeidhinishwa.

AFYA YA FUNDI

Impakti ina kelele nyingi. Kanuni za nchi za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinataka mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, na mashine hizi zinaweza kupita kiwango hicho zinapogonga. Masikio hayaumi siku ya kwanza, lakini usikivu uliopotea haurudi. Vizibo vya masikio na miwani ya kazi ni vitu vya bei ndogo. Epuka nguo zenye mikono inayoning'inia, na glavu za kitambaa zilizo legevu karibu na soketi inayozunguka. Mtikisiko wa siku nzima nao huharibu neva na mishipa ya vidole, kwa hivyo pumzisha mkono kati ya gari moja na jingine. Vidole vikianza kufa ganzi mara kwa mara, fika kituo cha afya mapema.

KABLA YA KUTOA PESA

Kwa vijana wanaoanza, si lazima kila mmoja anunue mashine yake. Mafundi wa uwanja mmoja wanaweza kuchanga kupitia chama na kununua impakti moja nzuri, betri mbili, seti ya soketi nyeusi na toki renchi, kisha wapange zamu na mtu mmoja wa kutunza. Kununua hivyo ni bora kuliko kila mtu kuwa na mashine hafifu inayokufa baada ya miezi michache.

Anayetaka kujifunza zaidi anaweza kuuliza katika chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu naye. Vyuo hivyo viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Fundi mwenye ujuzi wa miaka mingi lakini asiye na cheti anaweza pia kuulizia mitihani ya madaraja ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inayopima ujuzi wa kazi ya mikono.

Dereva naye ana wajibu wake. Akitoka gerejini, ajaribu nati moja kwa wili spana yake mwenyewe. Ikiwa haifunguki hata kwa nguvu zake zote, arudi kwa fundi pale pale amwombe azilegeze na kuzikaza upya kwa kipimo, kabla hajakwama nazo usiku.